Acheni Grainda Mbali na Bunduki ya Babu

Kuna watu wakiona kitu cha kale mkono unawawasha. Mlango wa kuchonga wataupaka rangi ya mafuta, kaburi la chifu watalivika vigae vya bafuni, na bunduki ya enzi za Mjerumani wataikata mtutu. Leo nagombana na hao wa bunduki. Ubishi wenyewe uko mtaani kwangu, Iyunga, na nyie mnaosoma hapa mna la kusema kuliko mafundi wote wa gereji za huku.

Kisa ni hiki. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alirithi Mauser ya modeli ya 1871, akaifuatilia kibali mpaka akakipata. Ni lidude refu, mita moja na zaidi ya robo, mtutu wa milimita 11, risasi inaingizwa moja moja. Kitako kina ufa, na mtu wa zamani aliufunga kwa waya wa shaba. Sasa watoto wamegawanyika. Wa kwanza anataka mtutu ufupishwe, kitako kiwe kipya cha mninga, ikafukuze nguruwe pori shambani. Wa pili anataka ipigwe msasa na vanishi, ining'inie sebuleni. Wa tatu anasema isiguswe, na wenzake wanamwita mvivu. Mimi niko na huyo mvivu.

Mwenye shamba simdharau. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi usiku mmoja, unalia. Lakini bunduki ile ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mzito. Moshi huohuo uliwaponza askari wa Mjerumani hata mwaka 1914 vitani Tanga, maana wengi wao walikuwa bado na modeli hiyohiyo na kila mlio uliwaonyesha walipo. Ukiijaza baruti ya kisasa, unaweza kupasua mtutu na uso wako pamoja. Risasi zake huzikuti dukani. Ili ifanye kazi utabadilisha mtutu, utabadilisha kitako, utachezea komeo. Ukimaliza hapo una bunduki mbovu mpya, na ya babu imekwisha. Tena Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kila mwenye mashine ya kuchomelea kujiita fundi silaha. Mwenye nguruwe na aombe kibali cha bunduki ya kazi, yaishe.

Anayenikera hasa ni huyu wa vanishi, kwa sababu anadhani anaheshimu. Jamani, msasa ni kifutio! Kwenye vyuma vile kuna mihuri ya kiwanda, mwaka, na namba zilizopigwa kipande kwa kipande. Namba zikifanana, unajua vipande vilizaliwa pamoja. Zikitofautiana, unajua kuna mkono uliunganisha bunduki mbili zilizokufa ukapata moja hai. Na ule waya wa shaba anaouita uchafu, mimi nausoma hivi: hapa palikuwa na mtu ambaye bunduki ilimvunjikia mbali na ghala lolote la serikali, na bado aliihitaji. Hiyo ni sentensi nzima, na huyu bwana anataka kuipaka rangi ya chai.

Marekani walishapita njia hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili bunduki za jeshi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, watu wakazikata na kuzichonga ziwe za kuwindia. Leo mkusanyaji analipa zaidi, tena zaidi sana, kwa ile ambayo hakuna aliyeishughulikia. Nawataja kwa sababu mtoto wa pili anapenda sana kuzungumzia thamani.

Lakini hoja ya pesa ni ndogo. Twendeni Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilimmaliza Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya msafara wake, likaondoka na bunduki zao. Miaka saba baadaye Mkwawa akajiua ili asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Gavana Twining alipokwenda Bremen kulitafuta fuvu, alikuta mafuvu rundo, akalichagua moja kwa vipimo. Mwaka 1954 likarudi Kalenga. Na mpaka leo wapo wanaouliza: ndilo kweli? Wanauliza kwa sababu alama ya wazi ya kulitenga na mengine haikuwepo. Sasa sisi alama tunazo, zimepigwa kwenye chuma, halafu tunatafuta msasa!

Nasikia na jibu la upande mwingine: bunduki hizo ndizo zilizotuua, tuzitunze za nini? Nalielewa, ila halisaidii msasa wala grainda. Aliyesoma *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein anajua maji yalikabiliana na kitu gani. Ukiifanya bunduki ile kuwa pambo linalong'aa juu ya televisheni, ndipo unapoisamehe. Yenye kutu na ufa bado inashtaki.

Ndiyo maana nawageukia nyie. Mchapishaji akipunguza mswada wa marehemu, mnawaka hapa wiki nzima. Mhariri akisanifisha lahaja ya utenzi wa zamani bila kusema, mnamwita mharibifu. Kwa nini hasira hiyo inaishia kwenye karatasi?

Na wanaosema ichomelewe mtutu ili isiwe hatari, nao wasubiri. Kuna njia ya kati. Komeo linaweza kutolewa. Likitolewa na kufungiwa mahali pengine, bunduki haipigi, na hakuna kilichoharibiwa. Mwezi huu polisi waulizwe utaratibu wa kuikabidhi makumbusho mzee angali hai, maana akifariki kibali hakirithiwi kama shamba, na silaha zinazosalimishwa huishia kuteketezwa pamoja na magobore. Kwa sasa ifutwe kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo, ikae pakavu. Namba zipigwe picha zote. Halafu mtoto wa tatu, yule mvivu, akae na baba yake na daftari aandike bunduki ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na nani aliufunga ule waya.