Ndugu Wawili, Nyumba na Darasa la Awali
Wazazi wa Tabora waulizao iwapo mtoto wa miaka mitano na mdogo wake wa miaka mitatu wapelekwe pamoja shule, au wabakizwe wote nyumbani wafundishwe na mama yao, nawajibu kwa yakini kwamba ndugu wawili hawalazimiki kufuata njia moja kwa wakati mmoja. Mkubwa na aende, kwani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na humo atazoea kuishi na wenziwe. Lakini mdogo, ambaye katika darasa lililojaa pomoni aghalabu hapati hata fursa ya kuulizwa jina lake, abaki kwa bibi, asikie ngano na ajifunze kuhesabu kwa Kinyamwezi, lugha ya wapagazi waliochukua pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, akaja kusoma Tabora mwaka 1937, na malezi ya nyumbani hayakumpunguzia akili kamwe. Alasiri mkubwa arejeapo, na amsomeshe mdogo wake aliyoyapata, mama akisikiliza na kusahihisha.