"Yaonekana" Haitoshi Katika Kijapani

Mwalimu wa Kijapani anayefasiri kila dhana kwa neno "yaonekana" humnyima mwanafunzi kiini cha lugha hiyo. Mjapani atazamapo wingu zito husema "furisou da": mvua yakaribia kunyesha. Akipata habari redioni, husema "furu sou da": yasemekana itanyesha. Akikuta ardhi imelowa alfajiri, husema "futta you da": yaelekea ilinyesha. Baina ya lililoonwa na lililosikiwa pana irabu moja tu, "i" na "u". Mwanafunzi akiikosea, uvumi hugeuka ushahidi.

Hata huzuni ya mwenzake Mjapani haitaji kama jambo la hakika. Husema "kanashisou", yaani ana sura ya huzuni. Moyo wa mtu ni msitu.

Sisi nasi tunayo "eti" na "huenda", ila mara nyingi twayaacha na maana isipotee. Kijapani hakiruhusu uzembe huo kwa urahisi. Kwa hiyo, walimu, kabla ya kukaririsha kanuni tumwulize mwanafunzi: umejuaje? Umeona, umesikia, au umekisia? Akishajibu, sarufi itamwelea.