Fomu wani ameripoti, mzazi je?

Wadau, kila Januari huku Kilolo wimbo ni ule ule: wangapi wameripoti kidato cha kwanza, wangapi bado. Mie naona tunahesabu watoto, wazazi tunawasahau.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa sekondari za serikali, kidato cha 1 hadi cha 4. Safi sana. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na Januari mahindi yako shambani, mfuko mtupu. Kaambiwa elimu bure, halafu anapewa fomu ya kujiunga yenye orodha ndefu. Anaona katapeliwa. Mtoto anaishia vibarua vya nyanya Ilula, au kazi za ndani Dar.

Halafu lugha. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, ghafla baiolojia ni Kiingereza. Mimi wiki za kwanza nilinakili ubao kama nachora picha. Bi mkubwa akiona daftari limejaa, anafurahi. Sikumwambia kitu. Ripoti ya muhula ndiyo ilimwambia.

Ushauri wangu: wazazi waitwe Desemba, majina yakishatoka, wasisubiri mtoto afeli. Waelezwe wazi kipi ni lazima siku ya kwanza, kipi kinaweza kungoja mavuno. Na kila jioni mzazi aulize, "Leo umeelewa nini?" Ajibiwe kwa Kiswahili au Kihehe. Hata asiyejua Kiingereza atagundua kama mwanae kaelewa au anababaisha.

Wenye watoto fomu wani, mnasemaje? Nawasilisha.