Mama, Mimi Niko Wapi?

Mwezi huu tunaomba tutoke kidogo jikoni, twende uwanjani. Wengi wetu tuna watoto wa sekondari, na msimu wa UMISSETA unapokaribia, kuanzia mechi za shule kwa shule hadi ngazi za wilaya, mkoa na taifa, hatukosi kuambiwa, "Mama, njoo utuangalie tukicheza." Nasi tunakwenda, simu mkononi, tukitaka kumbukumbu.

Mwanetu wa kidato cha tatu ni beki wa kushoto. Siku ya kwanza tulipiga picha 63. Jioni, baada ya chakula, alizipitia zote kwa utulivu, akaturudishia simu na kuuliza, "Mama, mimi niko wapi?" Kweli hakuwepo. Kulikuwa na mbingu nyeupe, vivuli vyeusi vinavyokimbia, na mgongo wa mshika kibendera mara kumi hivi. Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Sisi hatukucheka, maana tulikuwa tumebadilishana zamu kazini kwa ajili ya saa zile mbili.

Tukaanza kuuliza. Usharikani kwetu yupo kijana anayepiga picha za harusi na kipaimara. Tulipomwonyesha kazi yetu, jambo la kwanza aliulizia jua. "Mama, jua lilikuwa upande gani?" Tulikuwa hatujui. Mtu anaweza kuanika nguo miaka ishirini akijua jua linatoka wapi na linazama wapi, lakini akishika simu anasahau yote.

Basi, hebu tuangalie. Mechi nyingi za shule huanza kama saa 10 jioni. Wakati huo, kwa sisi wa Arusha, jua liko upande wa Monduli. Ukisimama upande wa Moshi ukaielekeza kamera Monduli, unapiga picha ya jua, na watoto wanabaki vivuli. Simama mgongo wako ukielekea Monduli, na mwanga utawaangukia watoto usoni. Mechi ya saa 6 mchana ni ngumu zaidi: jua liko karibu na utosi, na kivuli cha paji la uso hufunika macho. Siku ya mawingu, kama zilivyo siku nyingi za Juni na Julai mlima wetu unapojifunika shuka, msinung'unike. Mwanga wa mawingu ni laini na huonyesha nyuso vizuri, ila usiijaze picha kwa mbingu. Na tusichelewe. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama haraka, na ikifika saa 12 na nusu hivi giza linaingia, na kila anayekimbia anatoka kama moshi.

Tena liko jambo la ngozi zetu. Mnakumbuka picha za zamani za shule, mtoto anaonekana meno tu? Tulidhani ni mpiga picha hajui kazi. Kumbe kwa miaka mingi rangi za picha zilipimwa viwandani na maabara kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley, na mtu mweusi hakufikiriwa. Simu za leo zimeboreshwa, lakini bado zikiona mbingu nyeupe hupunguza mwanga, na uso wa mtoto unazama. Dawa yake ni rahisi: gusa kwa kidole pale penye uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, uvute alama ya jua ipande kidogo. Mbingu itakuwa nyeupe mno. Na iwe, hatukwenda kupiga picha ya mbingu.

Kuhusu picha zinazotoka kama zimepakwa mafuta, kijana wetu alitueleza kwamba kamera ina kitu kama kope, hufunguka na kufunga. Ikikaa wazi kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, mtoto anayekimbia amekwisha kusogea. Kwa mpira inatakiwa sehemu moja ya mia tano, na ikiwezekana ya elfu moja. Mwenye kamera anaweza kuipanga hivyo mwenyewe. Mwenye simu asubiri mwanga mwingi na abonyeze bila kuachia, simu ipige mfululizo, kisha nyumbani achague moja na kufuta ishirini. Kukuza kwa vidole hakusaidii, mtoto hasogei karibu, anatawanyika tu. Heri usogee wewe, uchuchumae ukitaka aonekane mrefu, na umsubiri aje.

Na atakuja, ukijua anacheza wapi. Hapa ndipo tulipofurahi kama tumegundua dawa. Katika kiwanja chetu goli moja liko upande wa Meru. Timu yetu inaposhambulia kuelekea mlimani, beki wa kushoto anakimbia kwenye mstari wa upande wa Monduli, pale pale tuliposimama, jua mgongoni mwetu. Timu zikibadilishana magoli, anahamia upande wa Moshi, mbali, na tukimfuata huko jua linatupiga machoni. Kwa hiyo katika mechi iliyofuata, timu yetu ilipoanza kwa kushambulia kuelekea mlimani, tulipiga picha kipindi cha kwanza tu. Tulipata nne nzuri. Katika moja amefumba mdomo kabisa, anamtazama winga wa upinzani kama baba yake anavyomtazama fundi anayetaja bei. Kipindi cha pili tukatia simu kwenye mkoba, tukakaa kwenye nyasi tukaangalia mpira. Hatukujua kwamba mtoto wetu huongea na kipa muda wote.

Ndipo ikatokea ile ajali. Zilikuwa zimebaki dakika chache. Kijana mmoja wa timu yetu aligongana na mwenzake, akaanguka, na wote tukasikia ule mlio. Sisi tuliosomea uuguzi tunaufahamu. Tulikimbia. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika. Tukawazuia wenzake wasimnyanyue wala kuuvuta mguu, tukakataa asipewe maji, maana huenda angehitaji dawa ya usingizi hospitalini. Mwalimu akaleta vipande viwili vya mbao, tukafunga kwa kanga, na kanga ya pili tukamfunika kwa sababu alikuwa anatetemeka. Tulipoinua macho tuliona simu saba au nane zimetuelekea. Hatukusema kitu, mikono ilikuwa na kazi.

Mama yake anauza ndizi na mboga Soko la Kilombero. Kabla mwalimu hajampigia, jirani yake wa meza alikuwa amekwisha kumwonyesha picha iliyotoka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mtoto amelala chali, macho yamefumbwa, amefunikwa kanga mpaka kifuani, watu wamemzunguka. Alifika hospitali bila viatu. Tulimkuta mlangoni ameshikiliwa na wanawake wawili, hataki kuingia, anarudia, "Niambieni mmemlaza wapi." Tukamwambia, "Mama, keti kwanza. Mtoto anaongea, ameuliza kama goli lilikubaliwa." Hakutuamini mpaka alipomsikia kwa masikio yake.

Kanga ile iliyomtisha tulimfunika sisi. Na picha ilitumwa na mama mwenzetu, mwema kabisa, akaandika chini yake, "Tumwombee mtoto wetu." Hatuwezi kusema alikuwa na nia mbaya. Lakini jina la mtoto hakuliandika, wala kwamba ni mguu, na wazazi wengine wenye wana kwenye timu ile walikaa nusu saa nzima wakipiga simu zisizopokelewa.

Tangu siku ile tunaikumbuka mechi ya Denmark na Finland, mjini Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021. Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani moyo wake umesimama. Wenzake walimzunguka, wakampa mgongo na kutazama nje, miili yao ikawa ukuta kati yake na kamera, huku waganga wakiushughulikia moyo. Baadhi ya vituo vya televisheni vililaumiwa kwa kuendelea kuonyesha. Eriksen alipona, na mwaka 2022 akarudi kucheza. Wale walikuwa vijana wa mpira tu, hakuna aliyewafundisha kusimama hivyo, na walifanya kile ambacho sisi watu wazima wa Lemara hatukukifanya.

Tulilipeleka jambo hili kwenye kikao cha wazazi. Halikupita kirahisi. Baba mmoja alisema uwanja ni mahali pa wazi na kila mtu ana simu yake. Tukamjibu kwamba tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto zimehesabiwa humo miongoni mwa taarifa nyeti. Ila kwa kweli kilichowanyamazisha watu ni yule mama wa Kilombero aliyesimama na kusimulia safari yake kwenye bajaji. Tukakubaliana: mchezaji akiwa chini, simu chini, na anayepiga simu kwa mzazi ni mwalimu peke yake. Picha za ushindi na za timu ziende kwenye kundi, za mtoto mmoja mmoja apelekewe mzazi wake.

Wasichana nao waliomba kusikilizwa. Timu yao imekua sana tangu Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Nahodha wao alisimama, akatuamkia, akasema wanapenda kupigwa picha wakicheza, ila wazionyeshwe kabla hazijatumwa, kwa sababu zipo zilizopigwa wameanguka na bukta imepanda, na wavulana wanazo mpaka leo. Mama mmoja alitoa simu yake pale pale akaanza kufuta.

Kijana aliyevunjika bado amefungwa hogo. Wiki iliyopita aliletwa kuangalia mechi, akakaa kwenye benchi la akiba amevaa jezi yake. Akatuita, "Shikamoo mama, na mimi nipige, lakini magongo yasionekane." Mwanga ulikuwa mzuri, kama saa 11, jua likimwangaza shavu. Tulijaribu mara nne. Katika ile aliyoichagua ampelekee mama yake, gongo moja linaonekana.