Msimlaumu kijana, vitufe ndivyo vinavyogongana

Ndugu wasikilizaji, nanyi familia mliohama makwenu mnaotuletea matangazo ya kutafuta watoto, tangazo la mama mmoja lilichelewa siku mbili. Wengine walisema ni umeme. Si kweli, nilikuwepo.

Kijana wetu anayeandika matangazo alijifunzia klavye ya Kifaransa, AZERTY. Mashine tunayotumia wote ilitoka Uganda, ni QWERTY. Pale kidole chake kinapotafuta Z, mashine inasoma W. Alitaka kurudisha neno alilokosea kwa Ctrl+Z, mashine ikapokea Ctrl+W na kufunga faili. Programu ikamwuliza kwa Kiingereza kama ahifadhi, akabonyeza tu. Majina ya watoto wanne yakapotea. Wakubwa wakamwita mzembe.

Mimi nakataa. Mzembe gani huyo, anayeandika tangu asubuhi bila posho?

Tena kuna la pili, na hapa nasema na wenzangu wa ofisini. Tunaandikia Visual Studio Code kwa kuwa ni ya bure na inakubali kila mtu apange vitufe apendavyo. Ni jambo zuri, kwa mashine ya mtu mmoja. Mwenzetu aliweka Ctrl+Alt+0 imwandikie tarehe, asimwambie yeyote. Tulipomgeuzia kijana mpangilio wa Kifaransa, alama ya @ ikagoma. Sababu: kwa Windows, AltGr ni sawa na Ctrl+Alt kwa pamoja, na @ ya Kifaransa ni AltGr na 0. Kila akitafuta @ ilikuja tarehe! Anwani ya barua pepe ya wale wanaounganisha familia haikuandikika.

Fundi alitaka pesa aweke Windows upya. Pesa ya nini? Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, orodha ya vitufe inafunguka. Tafuta ile unayoishuku, bonyeza kulia, omba ikuonyeshe amri zote zinazotumia vitufe hivyohivyo. Programu husoma kanuni kuanzia chini kwenda juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayofanya kazi. Kwa hiyo aliyeongeza yake mwisho anawashinda wote kimyakimya. Kanuni ile tuliifuta, @ ikarudi palepale.

Mtaniambia kila mtu ana haki ya kurahisisha kazi yake. Sawa, lakini si kwa kumfungia mwingine mlango. Anayebadili kitufe aandike kwenye karatasi ukutani: kitufe gani, kinafanya nini, siku gani. Na anayeketi kwenye mashine abonyeze kwanza kitufe cha Windows na nafasi, aone ni mpangilio gani uliopo, ndipo aguse tangazo la mtu.

Tangazo la mama yule lilisomwa jana jioni. Kijana bado hajaombwa msamaha.