Mzazi Mwenzangu, Kisome Kwanza

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya kanisa, watu wakingoja kupeana mikono na mchungaji: je, mtoto wa nyumba ya Kikristo asome vitabu vya hadithi vyenye wachawi ndani yake? Anayeuliza mara nyingi ni mama aliyemkuta bintiye kajikunja kwenye kochi na kitabu cha Harry Potter alichoazimwa na mwenzake wa darasani. Namwandikia mama huyo, pamoja na wachungaji, walimu wa shule ya Jumapili na wakutubi wanaoombwa ushauri kila siku.

Niseme mapema kwamba mzazi huyo si mshamba, na asichekwe. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 haimung'unyi maneno: kubashiri, kuloga, kutafuta habari kwa wafu, vyote vimekatazwa. Aliyelelewa na Neno hilo, akaona jaladani kijana anayepaa juu ya ufagio, ana haki ya kushtuka. Tena sisi wa huku tuna sababu zaidi. Mtoto wa London anaweza kukua akimjua mchawi wa kitabuni tu. Wa kwetu huenda ameshaonyeshwa nyumba ya "mchawi" wa mtaani kabla hajajua kusoma.

Ila kushtuka si kuhukumu. Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2001, kanisa moja la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico nchini Marekani, liliwasha moto na kuvichoma vitabu vya Harry Potter, huku ng'ambo ya barabara umati ukipinga. Wakati huo vilikuwa vimetoka vinne. Mchungaji aliyeongoza shughuli ile alisema mwenyewe kwamba hajasoma hata kimoja. Hapo ndipo ninaposhindwa kumfuata. Amejuaje alichokichoma?

Wanaotetea moto wa namna hiyo hupenda kutaja Matendo ya Mitume sura ya 19, habari za Efeso. Basi tuisome polepole. Waliochoma vitabu Efeso ni wale wale waliokuwa wakifanya uganga. Walileta vitabu vyao wenyewe, vya kazi yao, na hasara waliibeba wao: vipande hamsini elfu vya fedha. Hakuna aliyetumwa kupekua kabati la jirani, wala vile havikuwa hadithi za kuwasomea watoto kabla ya kulala. Waliacha kazi, wakateketeza zana za kazi. Hilo ni jambo tukufu, na halifanani na kumnyang'anya mtoto wa darasa la sita kitabu cha maktaba.

Wakati mwingine moto hauwaki, inatumika karatasi. Mji wa Cedarville, jimbo la Arkansas, mwaka 2002, kamati ya maktaba ya shule iliketi na wajumbe wake wote 15 wakakubaliana kwamba vitabu vya Harry Potter vibaki wazi. Bodi ya shule ikaipuuza. Kwa kura 3 dhidi ya 2 iliamua vitolewe rafuni, na mwanafunzi anayevitaka alete kibali kilichosainiwa na mzazi. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili, jaji wa mahakama ya shirikisho aliamuru virudishwe mahali pake, kwa sababu haki ya mtoto kusoma ilikuwa imebanwa bila msingi. Mtu anaweza kusema, kibali cha mzazi kina ubaya gani? Kwangu ubaya wake ni huu: mtoto anayemwendea mkutubi na karatasi ya ruhusa, wenzake wakimtazama, anajua tayari kwamba watu wazima wanamshuku.

Na si kwamba Wakristo wote wamesimama upande mmoja. Mwaka 2003, Februari, padre mmoja akizungumza na waandishi Vatikani alisema haoni tatizo katika hadithi hizo. Mwezi uliofuata Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 16, alimwandikia barua mwanamke Mjerumani aliyezikosoa, akimshukuru kwa kuonya juu ya ushawishi wa chinichini unaoweza kuharibu imani kabla haijakomaa. Kanisa moja, mwaka mmoja, kauli mbili. Kama wao walitofautiana, mimi na wewe tunaweza kutofautiana tukabaki ndugu.

Kisha kuna C. S. Lewis. Hadithi yake ya simba, mchawi na kabati, iliyotoka mwaka 1950, ina mchawi wa kutisha kweli kweli, anayemnasa mtoto kwa peremende. Hata hivyo wazazi wengi Wakristo huwapa watoto wao kitabu hicho kwa furaha, kwa sababu wanajua simba anakufa badala ya mtoto aliyesaliti. Wamejuaje? Wamekisoma. Hata hicho cha Harry Potter, aliyekisoma anajua kwamba kinaanzia kwa mama aliyekufa akimkinga mwanawe mchanga. Katika kitabu cha saba, cha mwaka 2007, makaburi mawili yameandikwa maneno ya Biblia, moja kutoka Mathayo sura ya 6, jingine kutoka Wakorintho wa Kwanza sura ya 15. Hayo hayakifanyi kuwa kitabu cha dini, na sisemi hivyo. Nasema jalada halisimulii yaliyomo.

Wala tusijifanye ajabu hizi ni za Wazungu. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo jini anawageuza ndugu wawili kuwa manyani. Wazee wetu wengi walikisoma wakajifunza ubaya wa husuda. Sijapata kusikia aliyekifunga akaenda kutafuta jini wa kumgeuza nduguye.

Ngoja niseme la pembeni, ingawa litawaudhi baadhi yetu. Nyumba ile ile inayopiga marufuku kitabu huwasha runinga jioni, familia nzima ikatazama filamu ambamo wachawi wanaruka na ungo mpaka saa tano usiku. Kwenye mkesha mtoto huyo huyo anasikiliza ushuhuda wa mtu aliyerudi kutoka kuzimu, chumvi imezidi, halafu anashindwa kulala. Woga wa uchawi watoto wetu hawakuuchukua vitabuni. Sisi ndio tuliowapa.

Na woga huo unaua. Usukumani, bibi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kinshasa, watoto wadogo wameitwa wachawi na ndugu zao wa damu, wengine kwa kauli ya wahubiri, wakafukuzwa wakalale mitaani. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 41, imekataza kwa jina kumtuhumu mtoto uchawi.

Kwa hiyo ninakuomba, mzazi mwenzangu: kiombe kitabu hicho kwa mwanao. Someni sura ya kwanza pamoja, kwa sauti, hata kama ni usiku na umechoka. Muulize nani ametenda mema na nani mabaya, na kama anaamini kuna mtu anayepaa kwa ufagio. Majibu yake yatakuonyesha mengi usiyoyajua juu ya kinachomtisha. Ukiona bado hakimfai, mkataze, mweleze sababu, ni haki yako. Ila mkutubi umwache akiweke rafuni kwa ajili ya mtoto wa jirani, ambaye naye ana mzazi.

Nanyi wachungaji, mkipata nafasi ya mahubiri mamoja tu juu ya uchawi mwaka huu, msiyamalize kwa Harry Potter. Watajeni bibi wenye macho mekundu na watoto wa Kinshasa, na mwambieni kila anayewaita wachawi kwamba anasingizia, na kwamba kusingizia ni dhambi.