Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri yetu: miezi ya mwanangu nisiyoikumbuka

YAH: KUTOULIZWA HALI BAADA YA KUJIFUNGUA



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika halmashauri yako, na mwanangu ametimiza miezi 17. Miezi yake mitano ya kwanza siikumbuki. Ninachokijua nimekisoma kwenye kadi yake ya kliniki: wiki ya 6, kilo 4.6; wiki ya 10, kilo 5.5; wiki ya 14, kilo 6.2. Chanjo zote alipata kwa tarehe zake. Aliyembeba mgongoni kumpeleka ni mimi. Hata njia siikumbuki.

Siku moja tu ndiyo imebaki kichwani, na ndiyo inayonifanya nikuandikie. Ilikuwa ile wiki ya 6. Mtoto ananing'inia kwenye mzani, analia, nami nikamwambia muuguzi kwamba silali. Kwamba hata mtoto akilala, macho yangu yako kwenye bati mpaka adhana ya alfajiri. Kwamba nikimtazama namwona kama mtoto wa watu, nimeachiwa nimshikie. Nilikuwa nimejipanga wiki nzima niyaseme hayo. Muuguzi hakuinua uso. Akasema, "Mama, mtoto ana kilo nne na nusu, maziwa unayo, unataka nini tena?" Akaandika presha yangu, akatazama kidonda cha oparesheni, akaandika: mama hana tatizo. Akamwita anayefuata.

Simwangushii yeye mzigo wote. Walikuwa wauguzi wawili siku hiyo, na foleni ya kina mama ilifika nje kwenye mwembe. Lakini maneno "mama hana tatizo" yamegongwa muhuri wa kituo kilicho chini yako. Kwa heshima na taadhima, Daktari, hilo ni lako.

Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena. Vifo vya uzazi huhesabiwa mpaka siku ya 42 baada ya kujifungua, na kwenye kituo chetu mahudhurio ya mama nayo yaliishia hapo hapo. Nyumbani nako arobaini ilikuwa imetimia: mama yangu, aliyekuwa akinikanda kwa maji ya moto na kunikorogea uji, alisharudi kwake. Serikali na ukoo waliniaga wiki moja. Nchi yetu, Tanzania, inajivunia kwamba vifo vya wazazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa utafiti wa 2015-16, hadi 104 kwa utafiti wa 2022. Nami najivunia, maana nimo kati ya waliopona. Ila miezi ile uhai wangu ulikuwa kwenye daftari lenu tu.

Mengine nayapitia upesi. Siku 84 za likizo ziliisha, nikashindwa kurudi darasani, nikapewa barua ya onyo. Pikipiki ya mume wangu iliuzwa kulipia maombi na waganga, kwa sababu majirani walisema ni kichaa cha uzazi, wengine wakasema mashetani. Ndoa ipo, imechoka.

Hayo yatalipika. Miezi ile hailipiki. Mama yangu hunisimulia kwamba, alipokuja kututazama, alimsikia mwanangu akicheka kwa sauti mara ya kwanza: alimwona kuku amepanda juu ya kinu. Nikamuuliza mimi nilikuwa wapi. Akanyamaza kidogo. "Ulikuwepo, mwanangu. Ulikuwa umekaa hapo hapo, hatua mbili tu kutoka kwenye kinu."

Shangazi ndiye aliyekataa nisirudishwe kwenye maombi, akanipandisha basi mpaka hospitali ya rufaa. Daktari wa huko aliniuliza maswali kumi. Yalitungwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 1987, hayahitaji mashine wala kutoa damu. Aliponiuliza kama wiki ile niliweza kucheka, nililia mpaka akaenda kufunga dirisha. Dakika kumi na mbili, saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, ugonjwa ukapata jina: sonona. Kwa vidonge na mazungumzo, mtoto alipofika miezi saba nilianza kuisikia harufu ya utosi wake. Dakika kumi na mbili! Mngenipa hizo wiki ya 6, ningekuwa namkumbuka.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana maradhi ya akili, sonona hasa, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Kwenye benchi la kina mama kumi, hao ni wawili. Na usinijibu kwamba hatuna wataalamu. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kukaa na kina mama wenye sonona na kuzungumza nao. Matokeo yaliyotolewa 2008 yalionyesha kwamba mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona ni 23 kati ya 100, na 53 kwa wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Zimbabwe, tangu 2006, bibi waliofunzwa wanawasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati.

Ninachotaka ni maswali yale kumi yaulizwe wakati wa mimba, na kila mtoto anapoletwa chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9. Mama anakuja tu, hamhitaji kumfuata. Aulizwe pembeni, si mbele ya foleni. Na Bunge nalo lisikie: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mama mwenye mawazo hayo atamwambia nani ukweli? Kutoka wizarani hadi zahanati, mnampima mama kwa uzito wa mtoto wake.

Mwezi ujao mwanangu anatimiza miezi 18, namleta kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Nitakaa kwenye benchi lile lile, kadi mkononi, nikisubiri kuulizwa ninalalaje.